Hadithi ikifika patamu, mwachie mdogo wako

Mtaani Iftin, Garissa (jina lenyewe ni "mwanga" kwa Kisomali), stima ikipotea ndipo hadithi hunoga. Ayeyo anaanza ya Dhegdheer, lile zimwi la kike lenye sikio refu, watoto wanasogeleana.

Wewe kaka au dada mkubwa, weka simu chini. Hadithi ikifika patamu, mwombe ayeyo anyamaze, mdogo wako amalizie. Atababaika, pengine ampandishe Dhegdheer bodaboda. Usimcheke.

Mtaala wa CBC, ulioanza shuleni 2019, unataka mtoto mbunifu anayejiamini. Sawa, lakini wageni wakija tunamfukuza nje! Wazee walimsimamisha katikati yao ataje abtirsi, majina ya baba na mababu, kwa sauti. Wasichana nao wapewe zamu, jameni.

Hujui hadithi? Tega kitendawili, kisha yeye atunge chake kuhusu ngamia.