Askari Awe wa Kwanza Kuwaokoa Majeruhi

Usiku mmoja, tulipokuwa tukirejea kambini kwa barabara kuu ya Masaka, tulikuta lori limemgonga mwendesha bodaboda. Alikuwa amelala kando ya lami, damu ikimbubujika pajani. Watu walimzunguka, hawa wakilia, wale wakimvuta mikono ili wamtupe nyuma ya pikapu. Sisi tulikuwa tisa, wote wenye silaha na nidhamu, lakini aliyejua la kufanya alikuwa mmoja tu, naye ni koplo. Alivua fulana yake, akaikunja, akaikandamiza juu ya jeraha kwa mikono miwili, wala hakuiachia mpaka hospitalini. Daktari alituambia kwamba bila mikono ile kijana angalikata roho njiani.

Tangu siku hiyo tunajiuliza: ingalikuwaje kama koplo huyo angalikuwa likizoni?

Kazi ya kujitolea kuwahudumia majeruhi ilizaliwa katika uwanja wa vita. Mnamo tarehe 24 Juni, 1859, majeshi yalipambana huko Solferino, Italia ya kaskazini, na maelfu ya majeruhi wakaachwa bila msaada. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, aliwaona wanawake wa mji wa Castiglione wakiwauguza wote pasipo kuuliza sare zao. Kutokana na hayo kamati ya Msalaba Mwekundu iliundwa mwaka 1863. Hapa Uganda chama hicho kilithibitishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1964.

Mwaka 2008, mjini Kampala, watu 307 wasio waganga, wakiwemo polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, walifundishwa huduma ya kwanza. Mwaka 2016 ikawa zamu ya waendesha bodaboda 154 wa Iganga. Walichaguliwa watu wa namna hiyo kwa kuwa ndio wanaofika mapema penye ajali, kabla ya gari la wagonjwa.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, mahali pawe salama. Simamisha magari, usije ukawa majeruhi wa pili. Pili, mtume mtu apige simu 999 au 112, ataje mahali hasa. Tatu, tazama damu. Funika mkono wako kwa glavu, au hata kavera safi, kisha kandamiza jeraha kwa kitambaa bila kulegeza. Kitu kilichochoma mwilini kisichomolewe. Damu ya mguu au mkono isipokoma, funga mkanda maalumu wa kuzuia damu juu ya jeraha, si kwenye kiungo, uukaze hadi damu ikome, na uandike saa.

Nne, tazama pumzi. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, isipokuwa ukishuku ameumia shingo au mgongo. Huyo asisogezwe ila kwa hatari kama moto. Asiyepumua akandamizwe katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mpaka msaada ufike. Mwisho, mfunike apate joto, wala usimpe chakula au maji.

Maneno haya hayatoshi kumfanya mtu awe mwokoaji. Mikono hujifunza kwa mazoezi, kama vile shabaha isivyopatikana kwa kusoma kitabu. Kwa hiyo, ndugu askari na polisi, nendeni katika tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu nanyi, mwombe mafunzo na kujiandikisha kuwa watu wa kujitolea. Kisha wafundisheni wake zenu, waume zenu na majirani, na mrudie mazoezi mara kwa mara, maana ujuzi usiotumika hupata kutu.

Ajali haingoji mtu awe zamuni. Raia aliyezoea kutuona tukiwa na bunduki atuone pia tumepiga magoti, tukizuia damu ya mwanawe. Huo nao ni ulinzi wa taifa.