Mshipa wa kusafishia damu sharti uandaliwe mapema

MITAMBO ya kusafisha damu iliyoanza kusambazwa katika hospitali za kaunti baada ya 2015 iliwapunguzia wagonjwa wa figo wa Homa Bay na Migori adha ya kusafiri hadi Kisumu au Eldoret kila wiki. Hata hivyo, mtambo pekee hautoshi. Sharti pawe na njia ya kutoa damu mwilini na kuirejesha, na njia hiyo huandaliwa kwa upasuaji.

Mtambo huvuta takriban mililita 300 za damu kila dakika, kwa muda wa saa nne hivi. Vena za mkono, zinazorudisha damu moyoni, ni nyembamba na haziwezi kutoa kiasi hicho. Ateri, zinazotoa damu moyoni, zina nguvu ya kutosha, ila zimejificha ndani na ni hatari kuzidunga mara kwa mara.

Suluhu ilitangazwa mwaka wa 1966 na madaktari wa New York, wakiwemo Michael Brescia, James Cimino na mpasuaji Kenneth Appel. Ateri huunganishwa na vena chini ya ngozi ya mkono. Damu ya ateri inapomiminika ndani ya vena, vena hutanuka na kuta zake kuwa nene, hata ikastahimili sindano mbili kubwa kila kikao. Kiungo hicho huitwa fistula. Kisichanganywe na fistula ya uzazi, ambayo ni jeraha linalowapata akina mama wanaokawia kujifungua.

Fistula haitumiki siku ileile. Huchukua wiki sita au zaidi kukomaa, na nyingine hazikomai kamwe. Anayefika hospitalini figo zikiwa zimekwisha kulemewa hana muda huo. Huwekewa mpira uitwao katheta, mara nyingi shingoni. Katheta huokoa maisha papo hapo, lakini ncha yake hufika karibu na moyo, na viini vikipenya humo huenea katika damu na vinaweza kuua.

Kwa hivyo, mwenye kisukari au shinikizo la damu aliyeambiwa kwamba figo zake zinadhoofika amuulize daktari mapema kuhusu fistula. Mkono asioandikia ulindwe, usidungwe sindano ovyo. Baada ya upasuaji, mkono huo usipimwe shinikizo la damu wala kubebeshwa mzigo mzito. Aupapase kila siku: mtetemo ukikoma, huenda damu imeganda, naye hana budi kwenda hospitalini siku hiyohiyo.