Mama anasahau njia ya nyumbani? Usiseme amerogwa

Umerudi nyumbani Iramba kwa likizo. Mama anakuuliza kama umekula, unamjibu, na baada ya dakika tano anauliza tena. Juzi alipotea akitoka kwenye shamba la alizeti alilolilima miaka yote. Jirani ananong'ona kuwa amerogwa. Wengine wanasema ni uzee tu.

Kabla hujawaamini, sikia habari ya kazi moja ya muziki. Kati ya 2016 na 2019, mwanamuziki wa Uingereza Leyland Kirby, anayejiita The Caretaker, alitoa "Everywhere at the End of Time", mfululizo wa albamu sita za zaidi ya saa sita, karibu zote muziki mtupu bila kuimba. Alitumia santuri za zamani za dansi, ukiwamo wimbo wa maumivu ya mapenzi wa mwaka 1931, "Heartaches", ulioimbwa na Al Bowlly, mzaliwa wa jirani zetu Msumbiji. Mwanzoni muziki unasikika vizuri. Baadaye unakwaruza, unajirudia, unakatika, mwishowe unabaki mvumo. Ndivyo alivyoionyesha dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau.

Ni kweli ugonjwa huu huenda hatua kwa hatua: mara nyingi hutangulia kupotea mambo ya juzi, ya zamani yakabaki. Ila nyimbo za ujanani hudumu kuliko vitu vingi. Mgonjwa aliyesahau jina lako anaweza kuimba wimbo wa harusi yake hadi mwisho.

Si kila usahaulifu ni dimensia. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, VVU, kaswende na hata baadhi ya dawa huweza kuuleta, na mengi kati ya hayo yana matibabu. Mpeleke mama kituo cha afya mapema, ukibeba dawa zote anazotumia. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, mwahishe hospitali siku hiyohiyo.

Nyumbani usibishane naye wala usimuulize, "Hunikumbuki?" Mtajie jina lako. Mwimbieni nyimbo anazozijua. Hazitamponya, kwani dawa ya kuiponya dimensia bado haijapatikana, lakini zinaweza kumtuliza. Na watoto wanaosikia minong'ono ya mtaani waambie wazi: bibi anaumwa, anahitaji kushikwa mkono.