Mgonjwa Hasemi Kama Kitabu

Wenzangu mnaoota kuwa madaktari, je, mnajua kwamba mwanafunzi wa udaktari anaweza kwenda kujifunza ng'ambo kwa wiki 4 tu? Shirikisho la kimataifa la wanafunzi hao, IFMSA, lililoanzishwa mwaka 1951, hupanga mabadilishano ya namna hiyo. Mgeni huwafuata madaktari wa nchi nyingine wodini, akitazama na kuuliza.

Sasa kazi iko kwenye lugha. Si ile ya vitabuni, la! Majina mengi ya viungo na magonjwa yametoka Kigiriki na Kilatini, kwa hivyo katika lugha za Ulaya yanafanana-fanana. Anayemtoa mtu jasho ni mgonjwa mwenyewe. Hebu fikiria uko Ufaransa, nyanya mmoja anakwambia, "J'ai mal au cœur." Ukifuata neno kwa neno, ati moyo unamuuma! Unakimbilia kumpima moyo, kumbe anasikia kichefuchefu. Nenda Hispania nako, mtu akisema yuko "constipado", ana mafua. Mwingereza atadhani amefunga choo, na akimpa haluli atamtesa bure.

Lakini tusiwacheke sana. Mgeni akija hapa kwetu aambiwe, "Daktari, naendesha tangu jana," si atauliza ni gari gani?

Kwa maoni yangu, wiki hizo chache zisiishie kwenye misamiati mizito. Afadhali ajue kuuliza, "Panauma wapi? Tangu lini? Nionyeshe kwa kidole." Na akishajibiwa, amgeukie muuguzi wa hapo kabla hajashika kalamu kuandika dawa.