Mkunga na Msindikizaji: Nani Awe Karibu na Mama Wakati wa Uchungu?

Miongoni mwa maswali ambayo akina mama huyaleta katika darsa za misikiti yetu, na ambayo akina baba huyauliza kwa sauti ya chini baada ya swala, ni hili: mke anakaribia kujifungua, je, tumtegemee mkunga wa hospitali, ambaye hatumjui na huenda ana wazazi wengine kadhaa wa kuwahudumia, au tumtegemee bibi wa mtaani aliyewapokea watoto wa ukoo mzima, ambaye atakaa naye tangu uchungu unapoanza hadi mtoto anapolia?

Jamaa zetu waishio Uingereza na Marekani hukutana na swali hilo kwa sura nyingine. Huko kuna mwanamke anayeitwa dula, neno la Kiyunani lenye maana ya mtumishi wa kike, ambalo mwanaanthropolojia Dana Raphael alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1973. Dula hulipwa ili akae na mama, amliwaze, amkande mgongo na kumpa maji. Hapimi njia, hatoi dawa wala hazalishi. Sheria ya Uingereza inamzuia mtu asiye mkunga wala daktari kushika nafasi yao katika uzazi, isipokuwa kwa dharura.

Mpaka huo ndio unaotufaa sisi. Mkunga ana kazi yake na msindikizaji ana yake. Mama anawahitaji wote wawili, na hatari huingia pale mmoja anapopewa kazi ya mwenziwe.

Heshima ya ukunga katika Uislamu

Ukunga ni kazi yenye daraja kubwa katika dini yetu. Vitabu vya sira vinamtaja Salma, mke wa Abu Rafi', kuwa ndiye aliyekuwa mkunga alipozaliwa Ibrahim, mwana wa Mtume (rehema na amani zimshukie). Ibn Khaldun, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1406, alitenga mlango mzima katika Muqaddimah yake kuueleza ukunga, akauhesabu miongoni mwa kazi ambazo jamii haiwezi kusimama bila ya hizo. Mafakihi nao wamekubali ushahidi wa wanawake peke yao katika mambo ya uzazi, wakahitilafiana katika idadi tu. Heshima yote hiyo imejengwa juu ya ujuzi.

Mkunga wa leo, aliyesomea kazi hiyo na kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, anayo mambo ambayo bibi wa mtaani hana. Husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, hupima shinikizo la damu la mama, na huandika maendeleo ya uchungu ili ajue mapema kama njia imekwama. Mtoto akizaliwa hapumui, anajua namna ya kumsaidia apumue.

Kubwa zaidi ni damu. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni sababu kuu ya vifo vya wazazi duniani, na mama aliyekuwa akizungumza vizuri anaweza kufariki ndani ya saa chache. Mkunga huchoma sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa ili mfuko wa uzazi ujikaze. Kwa mwenye kifafa cha mimba iko dawa ya magnesiamu salfeti. Hakuna mkono wenye baraka, wala mzizi, unaoweza kushika nafasi ya dawa hizo.

Takwimu za nchi yetu zinatupa matumaini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Katika kipindi hicho hicho, watoto waliozaliwa katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Sababu za kushuka kwa vifo ni nyingi, lakini kujifungulia mahali penye mkunga mwenye dawa ni sababu isiyoweza kupuuzwa.

Haja ya kuliwazwa

Hata hivyo, wanaokimbia hospitali wana hoja ya kusikilizwa. Mama huachwa peke yake kitandani, pengine hukaripiwa, na mkunga mmoja huwa na wazazi wengi. Upweke huo ni dhiki ya kweli.

Katika Sura ya 19, Allah (Subhaanahu wa Taala) anatusimulia jinsi uchungu ulivyompeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, naye akatamani lau angalikuwa amekwisha kufa kabla ya hayo. Jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba asihuzunike. Kisha akaonyeshwa kijito cha maji, akaambiwa autikise mtende apate tende mbivu, ale, anywe na atulie. Tuzingatie mpangilio huo: faraja ya moyo, kisha maji na chakula. Hiyo ndiyo kazi ya msindikizaji.

Utafiti wa kitabibu nao umethibitisha faida yake. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliyokusanya majaribio yaliyohusu wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba mama aliyekuwa na mtu wa kumsaidia mfululizo alielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake ulikuwa mfupi kidogo, na uwezekano wa kupasuliwa ulipungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama aruhusiwe kuwa na msindikizaji anayemchagua mwenyewe.

Bibi abaki na nafasi yake

Basi bibi mkunga wa mtaani asitupwe. Afuatane na mama hospitalini, amshike mkono, amsomee dua, amkumbushe kuvuta pumzi na kwenda haja ndogo. Baada ya hapo, katika siku za nifasi, awe mwalimu wa uji wa pilipili manga, wa kunyonyesha na wa kumwogesha mtoto. Asipime njia, asisukume tumbo, wala asimpe mama dawa ya miti shamba ya kuharakisha uchungu, kwani nguvu ya dawa hizo haipimiki na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka.

Na asiwe yeye wa kusema, “Subirini kwanza.” Watafiti Thaddeus na Maine, mwaka 1994, walieleza kwamba wazazi hupotea kwa machelewesho matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Cheleweo la kwanza hutokea ndani ya nyumba zetu, mama mkwe anapomngoja mume, na mume hapatikani kwa simu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Suala la stara

Baadhi ya familia hukataa hospitali kwa kuchelea mwanamume asimzalishe mke. Wivu huo una asili njema, na ni haki ya mama kuomba ahudumiwe na mwanamke. Lakini wanazuoni wamelimaliza jambo hili: akikosekana mwanamke mwenye ujuzi, daktari mwanamume anaruhusiwa kwa dharura, na kitakachofunuliwa kiwe kwa kadiri ya haja tu. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Msindikizaji mwanamke akiwepo, huifunika stara ya mama kwa kanga na kwa kuwapo kwake.

Mambo ya kupanga mapema

Mume na mke waulize kliniki, kabla ya mwezi wa nane, kama kituo kinaruhusu msindikizaji na kwa masharti gani. Wodi nyingi hazina mapazia, hivyo mwanamke ndiye hukubaliwa kwa urahisi zaidi. Mama mwenyewe amchague, naye awe mtulivu na msikivu kwa wahudumu.

Mume atoe ruhusa yake mapema, mbele ya wazee, kwamba dalili ya hatari ikionekana mama apelekwe bila kumngoja yeye. Dalili hizo ni damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, degedege, homa, chupa kuvunjika kabla ya wakati, na mtoto kupunguza kucheza tumboni.

Kamati za misikiti nazo zina wajibu. Kila kamati inaweza kuandika majina na namba za waumini wenye magari walio tayari kuamshwa usiku, ikayabandika kwenye mlango wa akina mama, na ikatenga fungu dogo la sadaka kwa ajili ya mafuta. Gharama yake ni ndogo, na Ijumaa moja inatosha kulianza jambo hilo.

Tunamuomba Allah awajaalie wazazi wetu wepesi na salama, na awalipe kheri wakunga wanaokesha kwa ajili yao. Amin.