Saa Zinazoyeyuka: Kufasiri Taashira katika Mchoro wa Salvador Dalí

Taashira ni matumizi ya kitu kimoja kusimamia jambo jingine lililo pana zaidi. Wapo wahakiki wanaoichukulia kama kamusi: njiwa daima ni amani, giza daima ni uovu. Makala haya yanarejelea mchoro wa Salvador Dalí, Udumifu wa Kumbukumbu (1931), kuonyesha kwamba taashira hupata maana kutokana na uhusiano wake na vipengele vingine vya kazi.

Dalí, msanii wa Uhispania, alikuwa mfuasi wa usurealisti, mkondo uliotangazwa na André Breton mjini Paris mwaka 1924. Wasurealisti waliathiriwa na mawazo ya Sigmund Freud kuhusu ndoto na sehemu ya akili iliyofichika. Katika mchoro huu mdogo, wenye takriban sentimita 24 kwa 33, saa tatu zimelegea: moja inaning'inia kwenye tawi la mzeituni mkavu, nyingine imemwagika ukingoni mwa kitu mfano wa meza, na ya tatu imefunika umbo linalofanana na uso uliolala. Saa ya nne ni ngumu, imefungwa, na imejaa sisimizi. Kwa mbali, majabali ya pwani ya Catalonia yanang'aa.

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno "saa" hutaja chombo na pia kipindi. Lugha yenyewe humharakisha kuhitimisha kwamba saa zilizoyeyuka ni wakati uliopoteza uthabiti. Hitimisho hilo si kosa, ila halijawaeleza sisimizi. Katika filamu Un Chien Andalou (1929), ambayo Dalí aliiandaa pamoja na Luis Buñuel, sisimizi hutoka katika tundu la kiganja. Kwa Dalí, wadudu hawa ni ishara ya uozo. Hapa wameivamia saa kama wavamiavyo mzoga. Hivyo basi, hata saa iliyobaki ngumu haikunusurika.

Baadhi ya wahakiki wamezihusisha saa hizi na nadharia ya Albert Einstein kuhusu wakati. Dalí mwenyewe alitaja jibini ya Camembert inayoyeyuka. Je, kauli ya msanii hufunga mjadala? La hasha. Jibini inaeleza chimbuko la taswira, wala si maana yake. Hata hivyo, si kila fasiri ina uzito sawa. Ile ya Einstein haina pa kuwaweka sisimizi, mti mkavu wala uso uliolala. Fasiri ya ndoto na uozo huvikumbatia vyote. Aidha, kilichosalia imara ni majabali, mandhari ambayo Dalí aliyajua tangu utotoni. Yakisomwa pamoja na anwani, yanadokeza kwamba wakati unaopimwa kwa saa huoza, ilhali kumbukumbu ya mahali hudumu.

Mhakiki wa riwaya au shairi hana budi kujiuliza swali lilo hilo: je, fasiri yangu inaeleza vipengele vingapi, na ni kipi nilichokifumbia macho ili isimame?