Behewa la makaa la milimita 66: Ufundi uliojificha chini ya sakafu

KWA mtazamaji wa kawaida, behewa dogo la mizigo lililowekwa juu ya meza ni mwanasesere tu. Lina urefu wa milimita 66, magurudumu manne, kuta nne za plastiki ya kijivu na kutu ya kupakwa kwa brashi. Mtoto angelisukuma mara mbili kisha alisahau. Lakini fundi aliyeliunda huenda alikesha siku tatu akilihangaikia, na usiku mmoja kati ya hizo aliumalizia kwenye kipande cha chuma kisichozidi punje ya mchele, ambacho hakionekani hadi behewa ligeuzwe miguu juu.

Uraibu wa kuunda magarimoshi ya mfano una mizizi mirefu barani Ulaya. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza reli za vipimo maalumu mwaka wa 1891, na nchini Uingereza magarimoshi ya Hornby yaliingia madukani mwaka wa 1920. Hata hivyo, waundaji wa mabehewa ya mizigo ni kabila la peke yao ndani ya jamii hiyo. Wengi huvutiwa na injini, kwa kuwa ndiyo yenye moshi, kelele na jina. Hawa wao huchagua kile kinachokokotwa nyuma.

Behewa ambalo aghalabu hutumiwa na wanagenzi kujifunzia ni lile la makaa ya mawe la tani 16. Lilianza kuundwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baada ya reli za Uingereza kutaifishwa Januari 1, 1948, shirika jipya la British Railways liliagiza mengine hadi idadi yake ikapita 200,000. Yalizagaa kila mahali: migodini, bandarini, viwandani na katika vituo vidogo vya vijijini ambako makaa yalishushwa kwa koleo. Leo karibu yote yamekwisha kukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kitu kilichokuwa kingi kiasi hicho hakikupigwa picha za kutosha, kwa maana hakuna aliyedhani kwamba kingeadimika. Ndiyo sababu vyama kama Historical Model Railway Society, kilichoanzishwa mwaka wa 1950, hukusanya michoro na picha za mabehewa ya aina hii kwa bidii ambayo wengine huipeleka kwenye majumba ya wafalme.

Kipimo kinachotumiwa na wengi nchini humo huitwa OO, ambapo milimita nne husimama mahali pa futi moja. Behewa halisi la futi 16 na inchi sita likawa milimita 66, na nafasi kati ya ekseli mbili, ambayo ni futi tisa, ikawa milimita 36. Hapa pana kasoro ambayo imezua mabishano kwa miongo mingi. Reli halisi ina upana wa milimita 1,435, ambao kwa kipimo hicho ungepaswa kuwa milimita 18.83. Reli ya OO ina milimita 16.5 pekee. Ni urithi wa zamani, pale Waingereza walipoazima reli ya kipimo kidogo zaidi cha HO huku wakiongeza ukubwa wa miili ya injini ili mota za enzi hizo zipate nafasi. Wasioweza kuvumilia kasoro hiyo hujenga kwa milimita 18.2, na wenye msimamo mkali kabisa hushikilia 18.83. Waliosalia huinamisha macho na kuendelea na kazi, na si vibaya.

Mafiga matatu

Vipande huuzwa vikiwa vimeshikamana kwenye fremu ya plastiki. Kampuni ya Parkside, ambayo siku hizi imo mikononi mwa Peco, ni miongoni mwa zinazojulikana kwa seti hizi. Fundi hukata kila kipande kwa kisu chenye makali ya wembe, akasugua ncha kwa tupa ndogo au msasa laini, kisha akajaribisha bila gundi. Gundi yenyewe si ya kunata. Ni kiyeyushi chepesi kama maji ambacho hulainisha plastiki ya pande zote mbili hadi zikawa kitu kimoja. Ncha ya brashi ikigusa ukingo wa kiungo, kimiminiko hicho hujipenyeza chenyewe hadi ndani. Mvuke wake haufai kuvutwa, kwa hivyo dirisha halina budi kuwa wazi.

Kosa la kwanza la mwanagenzi ni haraka. Huunganisha kuta nne, akafurahi kuona zimesimama, akabandika fremu za magurudumu papo hapo. Asubuhi yake behewa huwa limejipinda kama ubao ulioanikwa juani. Likiwekwa juu ya kioo, magurudumu matatu hugusa na la nne huelea. Gurudumu linaloelea kwa unene wa karatasi mbili latosha kuliangusha behewa katika njia panda ya reli, nalo likianguka huyavuta mengine yaliyo nyuma yake.

Mafundi wenye uzoefu hufanya kazi yote juu ya kipande cha kioo, huweka uzani juu ya sakafu ya behewa na kuliacha likauke usiku kucha. Wengine huchukua njia ambayo mpishi yeyote wa Kiafrika angeielewa bila mchoro. Ekseli moja hufungwa imara, na ya pili huachwa ichezecheze juu ya ncha moja katikati, ili uzito wa behewa ukae juu ya nukta tatu badala ya nne. Chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata kama ardhi ina mabonde.

Ekseli zenyewe ni za chuma, zenye ncha kali kama sindano pande zote mbili, na urefu wake ni milimita 26. Kila ncha huingia katika kikombe kidogo cha shaba ya njano kilichopachikwa ndani ya fremu. Fremu zikibana mno, gurudumu hugoma. Zikiachana mno, ekseli hupepesuka. Behewa lililofungwa sawasawa hujiteremkia lenyewe juu ya mteremko ambao jicho haliuoni.

Breki ya kushoto na ya kulia

Baada ya hapo ndipo fundi huligeuza behewa miguu juu na kukabili breki, na hapa ndipo tofauti kati ya mwanasesere na mfano wa kweli huanza.

Mabehewa mengi ya mizigo ya Uingereza hayakuwa na breki zinazoendeshwa na dereva kutoka kwenye injini. Garimoshi la makaa lilisimamishwa na breki za injini mbele na za behewa la gadi nyuma, huku mabehewa ya katikati, yaliyounganishwa kwa minyororo ya pete tatu, yakigongana bafa kwa bafa. Kabla ya mteremko mkali, garimoshi lilisimama na wahudumu wakatembea kando yake wakikandamiza mkono wa breki wa behewa moja baada ya jingine kwa gongo. Yalipofika bondeni, walirudi kuifungua yote.

Kilichotokea pale kazi hiyo ilipopuuzwa kiliandikwa kwa damu. Mnamo Agosti 20, 1868, karibu na Abergele kaskazini mwa Wales, mabehewa ya mizigo yaliyoachwa kwenye mteremko wakati mengine yakipangwa yaliponyoka na kukimbia nyuma. Breki za mabehewa yenyewe hazikuwa zimefungwa, na ya behewa la gadi ilivunjika yalipogongwa. Mawili yalibeba mapipa ya mafuta ya taa. Yalikutana na garimoshi la abiria lililokuwa likija kwa kasi, moto ukalipuka, na watu 33 wakateketea.

Baadaye sheria za usalama zilitaka kila behewa liweze kufungwa breki kutoka upande wowote, ili mhudumu asilazimike kuvuka reli au kupita kati ya mabehewa. Mkono wa breki ulitakiwa kuwa mwisho wa kulia wa mtu anayelitazama behewa, upande wowote aliosimama. Agizo hilo linasikika jepesi, ila linazaa kitendawili. Mikono miwili imefungwa kwenye ufito mmoja wa chuma unaopita chini ya sakafu. Mhudumu wa upande wa kwanza akikandamiza mkono wake, ufito huzunguka kuelekea huku. Mwenzake wa upande wa pili akikandamiza wake, ambao pia uko kuliani kwake, ufito huohuo huzunguka kuelekea kule. Kwa hivyo mmoja angekuwa anafunga breki huku mwingine akizifungua.

Suluhisho lilikuwa mtambo mdogo uitwao Morton, kwa lugha ya gereji klachi yenye meno, ambao huugeuza mwendo wa mkono mmoja. Huwekwa upande mmoja tu. Na hicho ndicho kipande cha punje ya mchele. Fundi akikiweka pande zote mbili, au akikisahau kabisa, ameunda behewa ambalo breki yake isingefanya kazi. Isitoshe, mabehewa mengi ya mtambo huu yalikuwa na vibanio vya breki upande mmoja pekee, ilhali mengine ya tani 16 yalikuwa na breki mbili zinazojitegemea, kila upande na yake, bila ufito wa katikati wala klachi. Picha ya behewa lenye nambari husika ndiyo huamua, si hisia za fundi.

Je, kuna atakayeona? Mara chache sana. Reli ikiwa kwenye meza, sehemu hiyo imefunikwa na kivuli. Lakini wapo wazee nchini Uingereza waliowahi kulikandamiza gongo hilo usiku wa mvua, nao wakifika kwenye maonyesho huinama kwanza kutazama chini ya behewa kabla ya kusifu rangi.

Uzito unaoua

Behewa tupu la plastiki ni jepesi mno kukaa juu ya reli. Kanuni inayofuatwa na wengi nchini humo ni gramu 25 kwa kila ekseli, yaani gramu 50 kwa behewa la magurudumu manne. Risasi, kwa maana ya madini wala si ya bunduki, huchukua nafasi ndogo, na kwa hivyo imependwa tangu zamani. Ni sumu, na anayeishika hunawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Madhara yake mengine hayajulikani na wengi hadi wamechelewa. Walioimwaga punje za risasi ndani ya mfano na kuzifunika kwa gundi nyeupe ya mbao waliona kazi imekamilika. Baada ya miezi, au hata miaka, kuta zilianza kuvimba, kisha zikapasuka. Asidi hafifu inayotoka katika gundi hiyo huila risasi na kuigeuza unga mweupe unaohitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Mifano iliyochukua majira mazima kuundwa imeharibiwa hivyo ikiwa ndani ya kabati, bila kuguswa na mtu. Wanaojua hutumia nati za chuma cha kawaida, au hubandika bamba la risasi kwa gundi ya aina nyingine.

Rangi huja mwisho. Behewa lisilo na breki ya mvuto wa hewa lilipakwa kijivu, na lenye breki hiyo rangi ya udongo mwekundu. Mstari mweupe wa mshazari ubavuni ulionyesha mwisho upi ulikuwa na mlango wa kumwagia makaa. Nambari ilianza kwa herufi B endapo behewa liliundwa na shirika lenyewe, na kwa P endapo lilirithiwa kutoka kwa wamiliki binafsi.

Kwa kutu, kiungo hutoka jikoni. Fundi hupaka rangi ya kahawia, akailowesha kidogo baada ya kukauka, akanyunyiza chumvi pale ambapo maji yangetuama, kisha akapaka kijivu juu yake. Chumvi ikisuguliwa, kijivu hubanduka kwa madoa yasiyo na mpangilio, jinsi bati lizeekavyo. Ndani ya behewa hukoza kutu zaidi, kwa sababu makaa yalikwaruza rangi yote katika safari za mwanzo. Mzigo wenyewe ni makaa halisi yaliyopondwa na kuchekechwa, yakashikiliwa kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni. Almuradi gundi hiyo isikutane na risasi iliyo chini.

Kwa Mkenya anayetaka kuunda behewa la reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, hesabu ina kichekesho chake. Reli hiyo ina upana wa mita moja. Kwa kipimo cha HO, ambacho ni moja kwa 87, hujengwa juu ya reli ya milimita 12, sawa na mita 1.04 ya kweli. Kasoro hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ambayo Waingereza wameivumilia. Aghalabu itambidi aanze na bamba tupu la plastiki, rula na kisu, na akapime mabehewa halisi kwa ruhusa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka wa 1971. Na akiwa huko, ainame.

Behewa likishakauka, jaribio la mwisho huwa la kulirudisha nyuma. Kulivuta kwenda mbele si kazi, kwani hata lililopinda huweza kufuata. Fundi huliweka katikati ya mabehewa mengine kumi na kuyasukuma yote kinyumenyume kupitia njia panda, polepole, huku sikio likiwa karibu na meza, akisubiri mlio wa gurudumu lililopanda reli.